Namna ya Kumfundisha Mbwa Mwoga Pasipo Kumpiga

Mbwa wengi wanaolinda nyumba za Dodoma, kuanzia Nkuhungu na Kizota hadi Ilazo na Nzuguni, hupatikana kwa njia ile ile: mbwa wa jirani amezaa, unapewa au unauziwa mtoto mmoja, unamjengea banda nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo dunia yake inakuwa ukuta, mnyororo na mtu anayemletea ugali. Anakua, anaitwa Simba, kisha siku boza la maji linapoingia getini anajibanza nyuma ya tangi na kujikojolea. Mwenye nyumba hukasirika, kwa kuwa alitaka mlinzi, na kinachofuata mara nyingi ni fimbo. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo haihitaji vifaa vya gharama bali inahitaji subira na utaratibu. Kwa mbwa mwenye hofu ndogo kazi huchukua wiki kadhaa. Kwa aliyeumizwa sana au aliyekulia kwenye mnyororo huchukua miezi, na wapo ambao hawatachangamka kamwe mbele ya wageni lakini wataweza kuishi bila kutetemeka.

Kuitambua hofu kabla haijawa kelele

Hofu huonekana mapema kuliko watu wanavyodhani. Mkia ulioingizwa katikati ya miguu na mwili uliojikunyata kila mtu anaujua, lakini kabla ya hapo mbwa hulamba pua wakati hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso huku macho yakibaki kwenye kitu anachokihofia mpaka weupe wake ukaonekana pembeni, huinua mguu mmoja wa mbele, huhema ilhali hakuna joto, au huganda ghafla kama aliyesahau alichokuwa akifanya. Wengine hubweka na kusogea mbele hatua mbili, kisha hurudi nyuma hatua tatu, manyoya ya mgongoni yakiwa yamesimama. Huyu wa mwisho ndiye anayesifiwa kuwa mkali, ingawa miguu yake ya nyuma inaeleza jambo jingine. Kaa siku chache ukimtazama tu, uandike kwenye daftari ni vitu gani vinavyomtisha na kwa umbali gani: mlio wa bodaboda, mtu aliyebeba kitu kichwani, watoto wanaokimbia, mfagio, sare ya mlinzi, radi.

Mngurumo usiuadhibu hata siku moja. Mbwa anayenguruma anaomba nafasi, na ukimchapa kwa sababu hiyo hofu inabaki palepale isipokuwa ameacha kutoa taarifa. Kitakachofuata ni meno bila onyo.

Daktari wa mifugo kwanza

Mbwa aliyekuwa mtulivu akaanza kuogopa au kung'aka kwa ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote, kwa sababu sikio linalouma, jino bovu, maumivu ya viungo au homa inayoletwa na kupe vinaweza kumfanya akwepe kuguswa. Mabadiliko ya ghafla ya tabia yanaweza pia kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, na hapo hakuna mtu wa nyumbani anayepaswa kumshika. Hakikisha ana chanjo ya ugonjwa huo, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, ili wewe na wale watakaokusaidia muwe salama.

Kwa nini fimbo huongeza tatizo

Hofu si ukaidi. Mbwa mkaidi anachagua. Mbwa mwoga mwili wake umeshachagua kabla yake, moyo ukidunda na misuli ikikaza, na hakuna amri inayoweza kuuzuia. Kinachoweza kubadilishwa ni kile ambacho mbwa anategemea kifuate anapoona kitu fulani. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa kusikia tu ishara iliyozoea kutangulia chakula. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha taarifa ya mtoto aliyeitwa Peter, aliyemwogopa sungura: sungura aliletwa chumbani akiwa mbali wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, akasogezwa kidogo kidogo, mpaka mtoto akaweza kumpapasa. Mafunzo yote yanayofuata hapa chini yamejengwa juu ya mambo hayo mawili, yaani mfuatano na umbali.

Fimbo nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa upande mbaya. Mgeni anatokea, mbwa anabweka kwa woga, anachapwa. Kilichojengeka kichwani mwake ni kwamba wageni huleta maumivu, na mara nyingine atabweka mapema zaidi. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia kilitoa tamko kwamba njia za kutuza ndizo zitumike kwa mbwa wote, wakiwamo wale wanaong'ata. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kumpiga mbwa mpaka alie kwa sababu ameogopa ni vigumu kuita kitendo hicho kwa jina lingine.

Wapo watakaosema kwamba mbwa asiyepigwa hawezi kulinda. Ukweli ni kinyume chake: mbwa anayebweka kwa hofu hubwekea paka, upepo, muuza mboga na majani ya mwembe, mpaka wenye nyumba wanazoea kelele na hawaamki tena, mwizi akimrushia jiwe anakimbilia uvunguni, na anayeng'atwa huwa ni mtoto wa nyumbani aliyembana kwenye kona. Anayejua kilicho cha kawaida hunyamaza kinapopita, kwa hiyo akibweka usiku watu huamka. Zile pilipili ambazo baadhi ya watu huweka kwenye chakula ili kumtia ukali humuunguza mdomo na tumbo tu.

Kuandaa mahali, chakula na watu

Mpe kwanza maficho yake, ambayo yanaweza kuwa banda lenye kivuli au kona ya stoo iliyotandikwa gunia, na nyumba nzima ikubaliane kwamba akiwa mle hakuna anayemfuata, kumvuta wala kumsafisha. Mbwa mwoga ajue kwamba anaweza kuondoka. Akilijua hilo huanza kusogea mwenyewe. Kwa sababu hiyo mnyororo wa kutwa ni adui wa kazi hii: aliyefungwa hawezi kuongeza umbali, na umbali ndiyo dawa yake ya kwanza. Kama ukuta umekamilika, mwachie ndani ya uzio. Kama haujakamilika, tafuta angalau waya mrefu uliotandazwa kati ya nguzo mbili ambao pete ya kamba yake inaweza kuteleza juu yake, na afunguliwe kila siku.

Chakula cha mafunzo kiwe kitamu kuliko mlo wake wa kila siku, kwa kuwa ugali na dagaa alivyovizoea havina nguvu ya kushindana na hofu. Maini, mapafu au firigisi kutoka kwa muuza nyama, vikichemshwa bila chumvi wala viungo na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, vinatosha. Nusu kilo ya mapafu hutoa vipande vingi sana. Usimpe vitunguu, chokoleti, zabibu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Usimshindishe njaa ili apende nyama, ila mafunzo yafanyike kabla ya mlo, asubuhi jua halijawa kali au kuanzia saa kumi na moja jioni, maji yakiwa karibu. Dakika tano mara mbili kwa siku zinafaa kuliko nusu saa nzima ya mfululizo.

Watu ndio sehemu ngumu zaidi. Kama baba anatumia nyama na kijana wa kazi anatumia jiwe, mbwa atajifunza jiwe. Kaeni pamoja, mkubaliane ni nani anamfundisha, na mweleze kila mmoja, pamoja na mlinzi wa usiku, asimpige, asimkazie macho na asimkimbize kwa utani. Watoto wa mtaa wanaomrushia mawe kupitia geti wazungumzwe nao kwa upole, ikibidi kupitia wazazi wao; mtoto mmoja akipewa kazi ya kurusha kipande cha nyama ndani badala ya jiwe, wenzake wote watataka zamu.

Hatua ya kwanza: akuzoee wewe

Keti chini au kwenye kigoda, ubavu ukiwa upande wake, usimtazame usoni wala kumwinamia. Subiri. Akikutazama au akisogea hata hatua moja, mrushie kipande, lakini kirushe kipite kichwani mwake kiangukie nyuma yake, mbali nawe. Ajabu ya zoezi hili ni kwamba analipwa mara mbili: kwa kukukaribia anapata nyama, na kwa kuifuata nyama anapata nafuu ya kuwa mbali tena. Akishaila atageuka na kukuangalia. Mara nyingi atarudi karibu kidogo kuliko mwanzo, na hapo unarusha tena nyuma yake. Baada ya siku kadhaa utaona anachelewa kuondoka, mkia umeshuka katika hali ya kawaida, na mdomo umelegea.

Usimvute kwa nyama iliyo mkononi. Tumbo litamleta karibu kuliko moyo unavyoruhusu, nyama itakwisha, na atajikuta amesimama chini ya uso wa mtu anayemwogopa bila kitu cha kumshughulisha. Hapo ndipo wengi hung'ata. Wageni watakaokusaidia baadaye nao warushe tu, wasilishe kwa mkono. Zoezi hili linazifaa pia familia ambazo, kwa sababu za dini au za usafi, hazipendi kuguswa na mate ya mbwa, kwa maana linaweza kufanyika mwanzo hadi mwisho pasipo mtu kumgusa.

Anapokuja mwenyewe na kukaa karibu, mkune ubavuni au kifuani kwa sekunde tatu, kisha ondoa mkono na usubiri. Akisogea aongezewe, endelea. Akigeuza uso, akilamba pua au akibaki kama gogo, mkono usirudi. Mkono unaopita juu ya kichwa uachwe mpaka mwisho kabisa.

Hatua ya pili: umbali, kitu, chakula

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chagua kitu kimoja tu katika daftari lako, na kisiwe kile kinachomtisha kuliko vyote. Tuseme ni bodaboda. Mwombe dereva wa kijiweni aje jioni kwa malipo kidogo. Ukimwambia, "Kaka, washa tu hapo hapo, usisogee," pengine atacheka, lakini atafanya. Kabla ya siku hiyo ligawe tatizo katika vipande: pikipiki iliyosimama imezimwa, inayosukumwa kwa mkono, iliyowashwa ikiwa imesimama, inayopita taratibu, inayopita na kupiga honi. Kila kipande kina umbali wake.

Anza na pikipiki iliyozimwa, mbwa akiwa mbali kiasi kwamba anaiona na kuitambua lakini mwili wake umelegea. Kwa mmoja itakuwa hatua kumi, kwa mwingine hatua hamsini, na eneo la wazi kama lile la pembezoni mwa Nzuguni au Msalato linafaa kuliko uchochoro wa Chang'ombe. Kipimo cha umbali ni mdomo wake. Akila kwa utulivu, mko mahali panapofaa. Akinyakua kwa pupa na kuuma vidole ilhali kwa kawaida huchukua taratibu, mmekaribia mno. Akikataa nyama ambayo nyumbani angeiruka, hakuna mafunzo yanayoendelea hapo. Rudini nyuma bila kumkemea.

Mfuatano uangaliwe kwa makini kuliko jambo lingine lolote: kitu kwanza, chakula baadaye. Mbwa anaiona pikipiki, unahesabu moja, vipande vinaanza kutoka kimoja baada ya kingine; pikipiki ikiondoka machoni pake au akigeuzwa, vipande vinakoma. Ukitanguliza nyama, utamfundisha kwamba mkono unaoingia mfukoni ni dalili ya balaa linalokuja, na wapo mbwa waliofika mahali pa kuiogopa hata mifuko ya nyama kwa sababu hiyo. Hana haja ya kukaa, kunyamaza wala kutii ili alipwe. Hata akibweka mara moja, nyama inatoka, kwa kuwa kinachofundishwa hapa ni moyo na wala si adabu, ingawa kubweka kukiendelea ni ishara ya kuongeza umbali.

Utajua wakati wa kusonga mbele umefika pale atakapoiona pikipiki na papo hapo kugeuza shingo kukutazama wewe, mkia ukitikisika taratibu, kana kwamba anauliza nyama iko wapi. Subiri mgeuko huo utokee mara nyingi, katika siku tofauti, kabla ya kupunguza umbali kwa hatua mbili au tatu. Unapoingiza kipande kipya cha tatizo, kwa mfano unapowasha injini, rudisha umbali mkubwa wa mwanzo. Usiongeze sauti na ukaribu kwa wakati mmoja. Siku akishtuliwa na jambo jingine, iwe gari lililopasuka tairi au mbwa wa mtaa aliyemvamia, mpumzishe siku moja au mbili, kwa sababu vitisho hujumlishana na mbwa aliyeshtuka asubuhi hawezi kuvumilia jioni kile alichokivumilia jana.

Boza la maji, mgeni getini na mlinzi mwenye sare hufundishwa kwa mpango huo huo. Kwa mgeni, vipande ni sauti ya kugonga geti, geti kufunguliwa, mtu kusimama, mtu kutembea, mtu kuketi, na mgeni aambiwe mapema asimwite mbwa wala kumnyoshea mkono. Katika siku ambazo huna nafasi ya kufundisha, mbwa afungiwe mahali pake tulivu kabla mgeni au boza halijaingia, ili yale uliyoyajenga kwa wiki mbili yasibomolewe kwa dakika mbili.

Hatua ya tatu: apewe kitu cha kufanya

Hofu ikishapungua, mfundishe kugusa kiganja kwa pua: nyosha kiganja karibu na uso wake, akinusa sema "Vizuri" na mpe kipande, kisha sogeza kiganja mbali kidogo kila siku. Kwa amri hiyo moja unaweza kumwongoza apande mizani ya daktari, apishe njia au aondoke penye fujo bila kumvuta. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa mbwa mwoga, kwani anaposhtuka na kuvuta hajinyongi. Uuache sakafuni kwanza, aunuse, avalishwe kwa sekunde chache huku akila, ndipo kamba ifungwe.

Radi na msimu wa mvua

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na hilo ni bahati kwa mwenye mbwa anayeogopa radi, kwa sababu kuanzia Mei hadi Novemba unaweza kumfundisha bila mawingu kukuharibia ratiba. Cheza sauti ya radi kwenye simu ikiwa chini sana, kiasi cha sikio lake kutikisika huku akiendelea kula, na upandishe kidogo kidogo katika muda wa wiki. Sauti ya simu haina mwanga wala mtikisiko wa radi halisi, kwa hiyo usitegemee kwamba itamaliza kila kitu.

Msimu ukifika, ona kwanza paa la banda. Bati tupu lisilo na dari hugeuza mvua kuwa kishindo. Tabaka nene la nyasi juu ya bati, au mbao na magunia chini yake, hupunguza kelele kwa kiasi kikubwa. Kama familia haimruhusu kuingia ndani, stoo yenye giza au baraza lililozibwa linatosha. Asifungwe kwenye mnyororo wakati wa dhoruba, kwa kuwa anaweza kujinyonga akijaribu kukimbia. Kukaa naye na kumpapasa hakumzidishii woga, tofauti na wanavyosema wengi. Akija kwako, mpokee. Kwa mbwa anayejiumiza kwa kupasua milango, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu dawa za kutuliza hofu, ukiuliza waziwazi kama dawa unayopewa inapunguza hofu yenyewe au inalegeza mwili tu huku akili ikiwa bado imeogopa. Dawa za usingizi za binadamu usimpe kwa kubahatisha.

Akimng'ata mtu

Hata kwa uangalifu wote, ajali hutokea. Usimpige wala kumuua mbwa. Mtenge, kisha shughulika na mtu: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, bila kupaka majani, mafuta wala majivu, na aliyeng'atwa apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya au hospitali kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kata yako, ubebe kadi ya chanjo ya mbwa, na mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiugua, akibadilika tabia au akifa ndani ya siku hizo, daktari wa mifugo na hospitali wajulishwe mara moja. Siku hizo zikipita salama, mafunzo yanaanza tena kwenye umbali wa mwanzo kabisa, na kwa aliyewahi kung'ata, mgeni asikaribishwe kusaidia mpaka mbwa awe amezoea, kwa vipande vile vile vya nyama, kuvaa kifunga mdomo cha aina ya kikapu kinachomruhusu kuhema, kunywa maji na kula.